Ndege Anayerudi, Mmea Usiorudi

Cheti cha shule hana. Gari hana, na baiskeli aliyokuwa nayo ililiwa na chumvi ya bahari mpaka ukabaki usukani. Mume hana, alimzika zamani. Meno mawili ya mbele hana. Buti zisizopitisha maji hana, ingawa ameahidiwa tangu baridi ya mwaka juzi. Namba ya simu ya mwanawe hana.

Rebekka Links, mwenye umri wa miaka sitini na moja, haoni haja ya kulalamikia vyote hivyo. Analalamikia viwili tu, buti na namba ya simu.

"Na buti naweza kuzisubiri," anasema.

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia mji wa Steenhaven, anatembea juu ya ukuta wa mawe unaounganisha bandari na kisiwa cha ndege. Mkono wa kulia ameshika ndoo, wa kushoto mkasi wa kukatia nyuzi za uvuvi. Miguu yake inaujua ukuta huu. Macho yako chini kwenye mawe, ambako makinda huanguka na kushindwa kupanda tena, na ambako sili hukaa majini wakingoja kinda litakalokosea.

Ndege wenyewe huwezi kuwaona kwa ukungu, lakini kelele zao zimejaa kote, na harufu yao imetangulia mbele ya kelele. Wageni huziba pua. Rebekka akikaa siku mbili bila harufu hiyo hudhani ameshikwa na mafua.

"Umechelewa, Tannie Bekka," anaita Oom Fanus Cardinal, mzee wa miaka sabini ambaye amekilinda kisiwa hiki tangu ujana wake. Huku kila mwanamke mzima ni Tannie na kila mwanamume mzima ni Oom, awe ndugu yako au asiwe. "Ndege wote wameshasaini kazini."

"Nimeona. Wamesaini kwenye kofia yako."

Oom Fanus anavua kofia, anaitazama, anaivaa tena kama ilivyo. Baba yake alikuwa mmoja wa watu waliokwangua samadi ya ndege hawa kwa majembe, ikapakiwa melini kwenda kurutubisha mashamba ya watu wa mbali. Kinyesi cha ndege ndicho kilichomlea, na hajawahi kukionea haya.

Ndege wa hapa ni malgasi. Ni mweupe, mkubwa kuliko bata, ncha za mabawa nyeusi, na kichwa cha manjano kana kwamba kilichovywa kwenye kiini cha yai kisha kikakaushwa kwa upepo. Hutaga yai moja kwa mwaka na hulipasha joto kwa nyayo zake, amelikanyagia taratibu. Viota vimepangana karibu karibu kiasi kwamba kila jirani anaweza kumfikia mwenzake kwa mdomo, na humfikia.

Rebekka anasimama pembeni mwa kundi. Hii ndiyo saa anayoipenda, saa ya kuondoka na kurudi.

Malgasi akitaka kwenda kuvua haruki tu akaenda zake. Husimama mbele ya mwenzake, huinua mdomo wima kuelekea mbinguni, na hukaa hivyo. Mwenzake akishaona hubaki na kinda. Hapo ndipo anapoondoka.

Kurudi ni shughuli nyingine. Anayerudi hujitahidi kutua kiotani mwake hasa. Asubuhi hii mmoja ametupwa na upepo, ametua safu kadhaa kando.

"Huyo sasa," Oom Fanus anamnyooshea kidole. "Tazama anavyolipa kodi."

Ndege anainama, anabana mabawa, anaanza kutembea. Kila kiota anachopita kinamdonoa, kushoto, kulia, shingoni, mgongoni. Yeye hajibu wala hageuki kurudi alikotoka. Anafika kwa mwenzake, na mwenzake naye anamng'ata kisogoni. Kisha wawili hao wananyanyua vichwa na kugonganisha midomo kama watu wanaonoa visu.

Rebekka huwa hasemi kitu hapo. Leo amesema, kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na ndoo.

"Wangu aliondoka bila kuinua mdomo."

*

Wake ni Niklaas, mwana pekee, ambaye mwezi ujao atatimiza miaka thelathini na minne. Kuondoka kwake hakuanzii Steenhaven. Kunaanzia bara, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka pwani, katika kijiji ambacho gazeti hili limeombwa lisikitaje kwa jina lake halisi. Tutakiita Bitterklip. Sababu ya ombi hilo inaota kwenye kilima cha kijiji, na haioti pengine popote duniani.

Ni mmea mdogo kama kifungo cha koti. Hauna shina la kuonekana, hauna tawi. Ni majani mawili yaliyonona maji na kuungana yakawa kidonge kimoja, kimejibana katika ufa wa jiwe jeupe. Watu wa Bitterklip wanauita vidole vya mtoto, na ukikiona kikundi chake kimechomoza ufani utakubali kwamba jina jingine lisingefaa.

Kijijini hapo mtoto akizaliwa, bibi yake humpandisha baba wa mtoto kilimani na kumchagulia mtoto ufa. Ufa huo ni wake mpaka afe. Kila mwaka mvua ya kwanza ya majira ya baridi ikishanyesha, watu hupanda na chupa za chai na mikate ya kuchoma juu ya makaa, kila mmoja akaangalie vidole vyake kama vimeamka. Hakuna anayevigusa. Wanaangalia, wanakunywa chai, wanataniana nani kanenepa na nani kakonda, wanashuka.

"Wa kwangu uko upande wa jua linapochwa," Rebekka anasema. "Wa Niklaas uko chini yake, hatua chache. Mama mkwe ndiye aliyeuchagua. Alisema huyu atakuwa mkaidi, mpeni ufa mwembamba."

Miaka sita iliyopita mvua iligoma. Mbuzi walikufa, wa akina Links wote. Mgodi aliokuwa akifanya kibarua Niklaas ukafungwa. Ndipo simu ikaanza kuleta picha, kutoka kwa mtu asiyejitaja, picha ya kidole cha mtoto juu ya kiganja cha mtu, na chini yake bei. Nje ya nchi kulikuwa na watu wanaotaka mimea hii kwa ajili ya madirisha yao.

Niklaas alipanda kilimani siku tatu mfululizo na bisibisi. Begi alilokamatwa nalo barabarani lilikuwa na mimea zaidi ya elfu moja. Malipo aliyokuwa ameahidiwa ni randi elfu nne, na hakupata hata moja.

Alifungwa miezi kumi na minane. Siku ya kutoka, Rebekka alipika kichwa cha kondoo, akakaa mlangoni. Gari la kutoka mjini likafika, likashusha watu, likageuka. Niklaas alikuwa ameshuka njia panda na kupanda jingine kwenda Cape Town.

Huo ni mwaka wa tatu sasa.

*

Baada ya siku hiyo, Rebekka naye aliona kijiji kimembana. Hakuna aliyemfukuza. Ila dukani mazungumzo yalikuwa yakikatika anapoingia, na yeye si mtu wa kuishi na ukimya. Akashuka pwani kwa binamu yake, akapata kazi ya kufagia kituo cha hifadhi cha Steenhaven kwa randi elfu nne na mia sita kwa mwezi. Kutoka ufagio akapewa ndege, siku tatu kwa wiki. Kutoka ndege akapewa banda la kitalu, siku tatu nyingine.

Banda liko nyuma ya ofisi, limefunikwa kwa wavu na kioo. Ndani kuna meza ndefu, juu ya meza kuna trei, na ndani ya trei kuna mimea iliyokamatwa mikononi mwa wachimbaji kutoka kila pembe ya nchi ya Wanamakwa, nyika ambamo Bitterklip imo. Kila trei ina kibandiko. Mahali ambapo bustani nyingine ingeandika jina la ua, hapa pameandikwa jina la mshitakiwa.

Trei nane katika meza ya mwisho zimeandikwa: *Dola dhidi ya N. Links.*

Bi Annelien Visagie, mtaalamu wa mimea anayesimamia banda, anakumbuka siku alipogundua. Alikuwa akikagua orodha ya mishahara, akasimama ghafla na kumwita mfagizi wake.

"Tannie Bekka, huyu Links ni ndugu yako?"

"Ni mwanangu."

"Mbona ulinificha?"

"Nilikuficha wapi, Bi Annelien? Jina langu umelibandika mwenyewe kwenye trei nane. Mimi nalifuta vumbi kila Jumatatu."

Kiangazi cha kwanza bandani, Rebekka alifanya kosa ambalo mpaka leo huliita kwa jina lake, mauaji. Vidole vya mtoto vikiona jua kali hujifunika. Mwili wa mwaka uliopita hukauka, hugeuka gamba jeupe kama karatasi, na ndani yake mwili mpya hulala bila kunywa mpaka mvua. Kilimani Rebekka aliyajua hayo tangu utoto. Lakini kilimani hakuwa na ndoo, na kilimani mimea haikuwa na jina la mwanawe.

Aliziona trei nane zimekuwa nyeupe kama maiti. Akasubiri Bi Annelien atoke, akainywesha mimea. Kesho yake akarudia. Wiki haikuisha, mimea ikavimba, ikapasuka, ikaoza kwa chini. Nusu ya vidole vya Bitterklip ikaenda hivyo.

"Nilivipa maji kwa sababu nilikuwa na kiu mimi," anasema.

Mwaka huohuo alikuwa akimpigia Niklaas simu asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa akilia kwenye simu. Mwezi wa pili, namba ikawa haipatikani. Rebekka hayaunganishi mambo hayo mawili kwa maneno, lakini tangu hapo hakuwauliza tena madereva wa malori kama wamemwona mwanawe. Kiangazi kilipokuja aliweka ndoo juu ya kabati, mahali asipofika bila kiti.

Mimea iliyobaki hai haiwezi kurudi kilimani. Hili ndilo linalowashangaza wageni. Imeshikana na udongo wa trei za watu wengine, imepata vijidudu ambavyo kilima hakivijui, na ikirudishwa inaweza kukiua hata kile kilichobaki. Itakaa bandani mpaka mwisho wake, inahudumiwa vizuri, inatoa maua kila mwaka, karibu na bahari ambayo haikuiomba.

*

Februari mwaka huu Bi Annelien aliamua kutengeneza ubao kwa ajili ya watoto wa shule wanaokuja kutembelea kituo. Alitaka mambo mawili wanayoyalinda hapa yakae bega kwa bega, ndege na mmea, yalinganishwe kwa uainishaji wao na kwa hali ya usalama wao. Alichora safu mbili mezani, na kwa kuwa ilikuwa saa ya chai, Rebekka na Oom Fanus wakawa wanafunzi wake wa kwanza.

Juu kabisa, himaya. Malgasi ni wa himaya ya wanyama, kidole cha mtoto ni cha himaya ya mimea.

"Wameachana mlangoni," Oom Fanus alisema.

Kweli wameachana. Ukishuka mstari kwa mstari hawakutani. Ndege ana uti wa mgongo na yumo katika ngeli ya ndege. Mmea ni wa kundi la mimea itoayo maua, kati ya ile inayochipua kwa majani mawili ya mbegu. Oda yake malgasi ni moja na mnandi. Oda ya kidole cha mtoto ni moja na mchicha na dungusi kakati, jambo lililomfanya Rebekka aombe lirudiwe, kisha acheke mpaka akashika meza. Familia: malgasi yuko Sulidae, mmea uko Aizoaceae. Jenasi ya ndege ni Morus, na spishi yake capensis, yaani wa Rasi. Jenasi ya mmea ni Conophytum, na hapo Bi Annelien akaacha pengo, kwa sababu jina la spishi limebeba jina la kilima, na jina la kilima lingewapa wachimbaji ramani.

"Kwa hiyo wangu ana jina kamili, wako ana jina nusu," Oom Fanus alisema.

"Wangu umejificha. Hata wewe ungejificha ungekuwa unauzwa."

Mstari wa mwisho ulikuwa wa hali. Huo ndio pekee ambapo safu mbili zilikaribiana. Samaki wadogo anaowala malgasi wamepungua, sili wanamwinda, na dunia nzima ina visiwa sita tu anakozalia. Bi Annelien akaandika: *hatarini kutoweka.* Upande wa pili akaandika: *hatarini kabisa kutoweka.*

"Tannie, hata kwa ugonjwa unataka kunishinda?"

"Wako akiona hatari anaruka, Oom Fanus. Wangu hauna bawa, hauna mguu, hauna mdomo wa kupiga kelele usiku watu waamke. Unaokotwa kama kifungo kilichodondoka."

"Lakini wangu ana damu."

"Basi nenda kamwonyeshe Mungu damu. Wangu umefanya kosa gani?"

Wakacheka. Rebekka akamimina chai nyekundu, kisha akaona Bi Annelien amechora chini ya ubao ngazi ndogo inayoonyesha hali zote, kutoka salama mpaka kutoweka. Kati ya *hatarini kabisa* na *imetoweka* kulikuwa na daraja moja ambalo hakuwahi kulisikia.

"Hili hapa linasemaje?"

"Imetoweka porini," Bi Annelien alisoma. "Ni kile ambacho kimebaki hai bustanini tu, au kwenye mabanda kama hili. Kwao hakipo tena."

"Yaani kipo, ila nyumbani hakipo."

"Ndiyo."

"Na wanakihesabu kuwa kinaishi?"

"Wanakihesabu karibu na kufa, Tannie. Daraja la mwisho kabla ya kufa."

Rebekka aliweka birika chini, akatoka nje. Oom Fanus alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameelekea bara, mahali ambapo siku ya wazi unaweza kuona milima. Siku hiyo haikuwa ya wazi. Mzee akakaa chini kando yake. Walikaa hapo mpaka chai ya ndani ikapoa.

*

Kilima cha Bitterklip hakijafika daraja hilo. Nyufa chache ziliachwa, na mkubwa kuliko zote ni wa Rebekka mwenyewe. Niklaas alichimba huku na huku, juu yake na chini yake, akachimba hata ufa wake aliopewa na bibi. Ufa wa mama yake aliuruka.

Mbegu zilizokusanywa kutoka nyufa hizo, kwa ruhusa na kwa uangalifu, zimeoteshwa katika banda jingine safi lisilopokea mimea ya kesi. Hizo zinaruhusiwa kurudi. Miche ya kwanza ina miaka mitatu, ni midogo kama punje za dengu, na Jumamosi ya mwisho ya Mei itapandwa. Kila nyumba itapanda ufa wake.

Ili kupanga siku hiyo, mwezi uliopita kijiji kilikutana katika ukumbi wa kanisa, na kituo kikamtuma Bi Annelien. Rebekka alikwenda naye. Kabla ya hapo, dereva wa lori la samaki aitwaye Sias, ambaye hakuulizwa na mtu, alikuwa amemwambia kwamba amemwona Niklaas akipakia makochi katika ghala la samani huko Bellville, pembezoni mwa Cape Town. Amekonda, alisema. Amefuga ndevu. Aliuliza habari za mvua.

"Hakuniulizia mimi?" Rebekka alimuuliza.

"Aliulizia mvua, Tannie. Mtu wa Bitterklip akiulizia mvua anaulizia nini?"

Kwa hiyo Rebekka alisimama ukumbini, mbele ya watu aliokua nao, akaomba mwanawe aruhusiwe kuwepo siku hiyo. Alisema hataki asamehewe kwa mdomo. Anataka tu akija asigeuziwe migongo.

Kisha akasimama Hendrika Brand, Tannie Drieka, mwenye miaka sabini na kitu, jirani wa ukuta mmoja na akina Links kwa miaka yote. Kila mtu alijua atasema nini.

"Nikuambie kitu, Bekka. Mimi kuchimba kwake nilikuelewa. Njaa ilikuwepo, sote tuliila. Kinachonichoma ni kwamba alipofika kwako alikupita. Kwangu alikwangua mpaka vumbi. Mimi niliyempa maziwa ya mbuzi wangu wewe ulipokuwa huna ziwa. Kumbe alikuwa anajua anachofanya. Mwizi asiyejua ningemsahau."

"Ni kweli, Drieka."

"Usiniambie ni kweli, sijamaliza. Mnasema kila mtu apande ufa wake. Mimi sipandi. Magoti yangu si ya kazi hiyo, na hata yangekuwa, sipandi. Aliyeuchimba aje aufukie. Mimi nitabebewa kiti, nitakaa juu ya jiwe, nitamtazama. Na nitasema yote niliyonayo, tangu asubuhi mpaka jua linachwa. Akimaliza kwangu aende kwa Lukas, naye alichimbiwa, akitoka kwa Lukas aende kwa wale. Kila mtu amseme kwa zamu."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama kutakuwa na chai.

"Chai itakuwepo," Tannie Drieka alisema. "Hata yeye atapewa. Sikusema tumuue kwa kiu."

Bi Annelien, ambaye hakuzaliwa kijijini, anasema alidhani ombi limekataliwa, akageuka kumfariji Rebekka. Akamkuta anafuta macho kwa kitambaa cha kichwa, anatabasamu kwa lile pengo la meno.

"Wamekubali," Rebekka alimnong'oneza. "Hukusikia? Wanamtaka."

*

Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Katika trei zilizobaki za *Dola dhidi ya N. Links* magamba meupe yameanza kupasuka katikati, na ndani yake kunaonekana kijani, chenye unyevu, kama jicho la mtoto anayeamka. Huko kilimani, Rebekka anajua, mambo ni hayohayo.

Ni saa nne asubuhi. Lori la Sias linapakia kreti za samaki bandarini na litaondoka likijaa. Rebekka amekaa kwenye meza ya banda, mbele yake karatasi aliyoijaza mwenyewe kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la tano. Kwa nini barua, hili ni swali aliloulizwa na kila mtu. Sias angeweza kumpelekea Niklaas simu yake wazungumze.

"Simu unakatiwa," anasema. "Na mimi nitalia. Barua hailii, na akiiweka chini leo, kesho bado ipo."

Alitaka kutia gamba moja jeupe ndani ya bahasha, lile lililokwisha kudondoka. Bi Annelien aliona mkono wake.

"Tannie, hilo ni kielelezo. Limo kwenye kesi."

"Gamba?"

"Hata gamba."

"Basi na mimi niandikeni kwenye kesi," Rebekka alisema, akalirudisha kwenye trei.

Ameruhusu gazeti hili lisome barua, isipokuwa mistari miwili ya mwanzo, ambayo alifunika kwa kiganja. Iliyobaki inasema hivi:

*Mvua imenyesha. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano tunapanda. Drieka hatapanda wake, anasema utaupanda wewe, na yeye atakaa kwenye kiti akuseme. Lukas atakusema. Wote watakusema, kuanzia kanisani mpaka juu. Mimi nami ninalo langu. Wewe inama upite. Usijibu na usirudi nyuma. Nitakuwa kwenye ufa wangu, ule ulioupita, upande wa jua linapochwa. Mbegu zilitoka hapo. Baadaye nitakupeleka ukaone ndege.*

Hakuandika chochote kuhusu kusamehe, na alipoulizwa kama amesahau, aliendelea kukunja karatasi. Mpango wake, anasema, ni mfupi. Jumamosi hiyo atapanda kilimani mapema kuliko wote, na hatakaa mlangoni tena.

Analamba ukingo wa bahasha, anakunja uso kwa ladha ya gundi, anaubana kwa ngumi. Anaigeuza, anasoma tena anwani ya ghala la samani, herufi kwa herufi, kisha anatoka nayo bandani, mji wote na kelele za ndege nyuma ya mgongo wake, mpaka kwenye dirisha la lori.

"Mkononi mwake, Sias. Si kwa mlinzi, si mezani."

"Mkononi mwake, Tannie."

"Na akikuuliza kitu?"

Sias anaiweka bahasha juu ya usukani, anaitazama, kisha anaichomeka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Nitamwambia imenyesha," anasema, na anawasha gari.